Chifu Bila Hazina

Wanairobi wengi wanalijua jina la Baroda kwa sababu ya benki. Wachache hujiuliza Baroda yenyewe ilikuwa nini. Ilikuwa himaya ya magharibi ya India, na benki hiyo ilianzishwa mwaka 1908 chini ya mtawala wake, Maharaja Sayajirao Gaekwad wa Tatu. Panda matatu ya Kawangware, teremka Riruta, na utakuta chuo cha ufundi kiitwacho PC Kinyanjui. Huyu naye alikuwa mtawala wa aina yake: Kinyanjui wa Gathirimu, chifu mkuu wa Wakikuyu wa kusini, aliyefariki mwaka 1929, miaka 10 kabla ya Maharaja. Wote wawili walitawala chini ya Mwingereza yuleyule na kwa idhini yake. Mmoja aliacha benki, maktaba na sheria ya elimu ya lazima. Mwingine aliacha jina, na ubishi usiokwisha kama alikuwa kiongozi au kibaraka.

Jibu ambalo watu hulikimbilia ni la tabia: Mhindi alikuwa na maono, chifu wetu alikuwa mlafi. Jibu hilo halinitoshi. Ukikagua watawala wa kienyeji waliojaribu mageuzi chini ya Waingereza, kuanzia Baroda hadi Unguja, Buganda na Kiambu, tabia inaeleza machache. Kinachoeleza mengi ni mambo mawili makavu: fedha za kodi zinaingia mfuko wa nani, na ardhi ni ya nani mbele ya sheria. Kawangware na Kibera zimekuwa hivi zilivyo kutokana na majibu ya maswali hayo mawili.

Tuanze na Gaekwad, maana hadithi yake hupambwa mno. Hakurithi kiti kwa njia ya kawaida. Mwaka 1875 Waingereza walimwondoa Malharrao, mtawala aliyekuwepo, baada ya tuhuma kwamba alijaribu kumtilia sumu Kanali Phayre, Balozi Mkazi wao. Mjane wa mtawala wa awali akaruhusiwa kumpanga mtoto wa ukoo kutoka kijijini, kijana wa miaka 12, awe mrithi. Kwa hiyo naye aliwekwa. Anayemsema Kinyanjui kwamba aliwekwa na wageni inabidi alikumbuke hilo.

Lakini kiti alichowekewa kilikuwa na kitu chini yake. Baada ya maasi ya 1857, Malkia Victoria alitoa tangazo la 1858 akiahidi kuheshimu mikataba na wafalme wa India, na zaidi ya himaya 500 zikabaki nusu huru: hazina uhusiano na nchi za nje, hazina jeshi la maana, ila zinakusanya kodi zao na kuzitumia zenyewe. Kwa fedha hizo Gaekwad alijaribu elimu ya bure na ya lazima katika wilaya ya Amreli mwaka 1893, akaieneza Baroda nzima mwaka 1906, wakati ambapo serikali ya Kiingereza yenyewe haikuthubutu kufanya hivyo katika India iliyoitawala moja kwa moja. Mwaka 1910 alimleta Mmarekani, William Borden, ampangie mtandao wa maktaba hadi vijijini. Mwaka 1913 alimlipia kijana wa tabaka la waliotengwa, B. R. Ambedkar, masomo ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuongoza uandishi wa katiba ya India.

Desemba 1911, kwenye darbar kuu ya Delhi, wafalme wa India walipita mmojammoja kumsujudia Mfalme George wa Tano. Gaekwad aliinama mara moja tu, akageuka na kumpa mfalme mgongo. Magazeti ya London yalichachamaa, naye ikambidi aandike barua ya kuomba radhi. Hata hivyo alirudi Baroda akaendelea kutawala miaka 27 mingine. Nitalirudia tukio hilo nikifika kwa Koinange, chifu wa Kiambu.

Sasa Dagoretti, kwa Kinyanjui. Wakikuyu hawakuwa na mfalme. Mambo yaliamuliwa na mabaraza ya wazee, na mtu mwenye mali, ufasaha au ushujaa aliweza kuwa msemaji wa upande wake bila kuwa mtawala wake. Mtu wa namna hiyo pale Dagoretti alikuwa Waiyaki wa Hinga, aliyekula kiapo cha undugu na Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza mwaka 1890. Undugu huo haukudumu. Askari na wapagazi wa kampuni hiyo waliiba chakula na kuwasumbua watu, ngome yake ikachomwa, nyingine ikajengwa, na Agosti 1892 Waiyaki akakamatwa. Alifia Kibwezi akiwa njiani kupelekwa pwani.

Kinyanjui alijaza pengo hilo. Hakuwa mtu wa ukoo mkubwa wa Dagoretti. Alitoka upande wa Murang'a, akajisogeza ngomeni, akawa kiongozi wa misafara na mtu wa kuaminiwa na wazungu. Waingereza walihitaji mtu mmoja wa kuitwa, mmoja wa kulaumiwa, mmoja wa kulipwa. Sheria ya wakuu wa vijiji ya 1902 na ile ya mamlaka ya wenyeji ya 1912 zikampa cheo chake umbo: kusimamia amani, kusaidia kukusanya kodi ya nyumba, kuita watu kwenye kazi za umma. Kodi aliyoisimamia ilikwenda Nairobi. Mshahara wake ulitoka Nairobi. Kama angetaka kujenga shule, ingebidi aombe, na wa kumwomba alikuwa mkuu wa wilaya au padri.

Karen Blixen, Mdenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na Ngong, amemchora katika kitabu chake cha 1937, Out of Africa. Ni picha ya mwungwana mkubwa: anafika shambani kwa motokaa, amevaa kifalme, anaketi kusikiliza kesi. Nadhani Blixen alimwona mfalme kwa kuwa yeye mwenyewe alipenda wafalme. Ila kuna tukio moja humo linalosema zaidi ya mapambo yote. Kinyanjui anaugua, watu wa misheni wanataka kumpeleka hospitalini kwao, naye anamwomba Blixen amchukue nyumbani kwake akafie huko. Blixen anakataa, akihofia maneno ya watu. Mzee anafia hospitalini na kuzikwa Kikristo. Mtu mwenye ng'ombe, wake, motokaa na cheo cha chifu mkuu hakuweza kujichagulia kitanda cha kufia.

Je, alijaribu mageuzi? Hapa wasimulizi wengi hupita haraka, nami naona ndipo pa kusimama. Baada ya Vita vya Kwanza hali ilikaza. Kipande, yaani kitambulisho cha kazi, kilianza kufungwa shingoni mwa wanaume. Kodi ilipanda hadi shilingi 16. Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Wasichana na wanawake walikuwa wakishurutishwa kwenda kuchuma kahawa. Machifu wa Kiambu walikuwa tayari na chama chao, Kikuyu Association, wakiwemo Kinyanjui, Koinange wa Mbiyu na Josiah Njonjo. Tarehe 24 Juni 1921 walikutana na maofisa wa serikali na wamisheni papa hapa Dagoretti, wakayaweka malalamiko mezani: kazi ya shuruti, kodi, kipande, mishahara, na hati za ardhi. Ardhi ndiyo iliyowakera kuliko yote.

Siku zilezile kijana mmoja karani wa simu mjini Nairobi, Harry Thuku, alikuwa ameanzisha chama cha vijana. Naye alihudhuria Dagoretti, kisha akapeleka simu ya maandishi moja kwa moja London, akiwaruka machifu na gavana. Machifu walikasirika. Soma orodha ya malalamiko ya pande zote mbili na utaona zinafanana karibu neno kwa neno. Ugomvi ulikuwa juu ya njia: chifu hupitia kwa bwana wake, Thuku alimpita bwana huyo. Machi 1922 Thuku akakamatwa, na tarehe 16 umati ukakusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi. Muthoni Nyanjiru aliwakebehi wanaume waliosita, na risasi zikafyatuka. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa, wengine walihesabu zaidi. Thuku akapelekwa Kismayu. Mwaka uleule kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Kwa hiyo punguzo hilo lilikuja baada ya damu, si baada ya mkutano wa Dagoretti. Machifu waliona mapema na walisema mapema, na kusema kwao hakukuwa na uzito kwa kuwa hakuna walichoweza kukizuia. Maharaja aliyekasirika angeweza kufunga mfuko wake. Chifu aliyekasirika angeweza tu kufutwa kazi.

Na ardhi? Mwaka uleule wa mkutano wa Dagoretti, 1921, Jaji Mkuu Barth alitoa hukumu katika kesi ya Isaka Wainaina. Alisema kwamba baada ya sheria ya ardhi ya 1915 na kuundwa kwa koloni mwaka 1920, haki za Wakikuyu juu ya ardhi zao za ukoo zimekwisha, nao ni wapangaji wa Mfalme wanaokaa kwa hiari yake. Miaka minane kabla, Wamaasai walikuwa wameshtaki serikali kwa kuwahamisha kutoka Laikipia kinyume cha mkataba wa 1904. Mahakama iliwaambia kwamba mkataba kati ya Mfalme na dola ya kigeni hauwezi kusikilizwa na mahakama ya kawaida. Yaani Mmaasai alikuwa dola ya kigeni alipotaka haki, na Mkikuyu mpangaji alipotaka yake. Mtawala wa India aliyekuwa na mkataba aliweza angalau kuutaja. Hapa mkataba ulitumiwa kumfungia Mmaasai mlango, na Mkikuyu hakuwa nao kabisa.

Kilomita chache mashariki ya Dagoretti, Kibera ilifuata njia yake. Msitu wa pale walipewa askari Wanubi wa King's African Rifles, watu waliotoka Sudan na kuhudumu chini ya gavana Emin Pasha kabla ya Lugard kuwachukua mwaka 1891. Tangu 1904 hivi walianza kukaa pale kwa vibali vya jeshi, na mwaka 1918 eneo lilitangazwa rasmi, ekari 4,197. Jeshi ndilo lililolisimamia hadi 1928. Hawakuwa na chifu kama Kinyanjui. Walikuwa na wazee wao na medali zao. Wakadhani utumishi ni mkataba. Tume ya ardhi ya Carter ilipokaa mwanzoni mwa miaka ya 1930, iliwapa jibu linalofanana na alilotoa Barth kwa Wakikuyu: ni wapangaji wa Mfalme kwa hiari yake, ingawa serikali ina deni la kiutu kwao wakihamishwa. Mtu wa Makina, Kibera, na mtu wa Kawangware, ambao babu zao walitazamana kwa shaka, mmoja askari wa Mwingereza na mwingine raia wa chifu, walifikishwa mahali pamoja na kalamu zilezile.

Afrika Mashariki ilikuwa na watawala waliokaribia hali ya Baroda, na ni vizuri kuwaangalia, maana wanaipima hoja yangu. Sayyid Barghash wa Unguja ndiye aliyefanana zaidi. Baada ya kushindwa kumpindua kaka yake mwaka 1859 alipelekwa uhamishoni Bombay, akauona mji ule ukipata mabomba na barabara. Alipotawala, kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji safi mjini kutoka Chemchem, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, akanunua meli. Fedha zilitoka kwenye ushuru wa forodha, nao ulikuwa wake. Mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Kiingereza, na mwaka uliofuata ofisa wa Kiingereza, Gerald Portal, akaichukua hazina na kumwekea Sultani posho ya kila mwaka. Masultani waliofuata hawakuwa wajinga kuliko Barghash, lakini hutaona mageuzi makubwa yenye chapa yao. Mfuko ulikuwa umehama.

Buganda inaleta mashaka, nami sitaki kuyaficha. Mkataba wa 1900 uliwapa machifu na waheshimiwa kama 1,000 maili za mraba 8,000 za ardhi, pamoja na Lukiiko, baraza lenye nguvu za kweli. Katikiro, yaani waziri mkuu, Apolo Kagwa alikuwa mjenzi na mwandishi wa historia, mtu wa shule na barabara. Ila ardhi ile iliwafanya wakulima wa Buganda wapangaji wa machifu wao, na majeraha yake yanasumbua Uganda mpaka leo. Kwa hiyo ardhi na fedha mkononi mwa mtawala hazihakikishi mageuzi. Hata India, wengi wa wafalme wale 500 walizitumia kwa kasri na farasi. Ninachosema ni kwamba bila hivyo viwili mageuzi hayaanzi. Kagwa mwenyewe aliona mipaka yake: aligombana na ofisa wa Kiingereza aliyemdogosha, akajiuzulu mwaka 1926, akaanza safari ya kwenda London kulalamika. Mauti yalimkuta Nairobi Februari 1927.

Mwanamageuzi wetu wa kweli miongoni mwa machifu ni Koinange wa Mbiyu. Mwaka 1927 alimpeleka mwanawe Marekani, Hampton kwanza, baadaye Columbia, chuo kilekile cha Ambedkar, bila hazina ya himaya. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge. Mwanawe aliporudi mwaka 1938, mwaka ambao baba alipewa cheo cha chifu mwandamizi, wakaona kwamba shule huru za Wakikuyu hazina walimu. Januari 1939 chuo cha ualimu cha Githunguri kikafunguliwa. Fedha zilichangwa na marika: kila rika lilitoa fungu lake, likishindana na rika lingine, na wanawake wakachanga vyao. Ni hazina ya ajabu, iliyotengenezwa na watu walionyimwa hazina. Mabaraza ya wenyeji yaliyoanzishwa mwaka 1924 yalikuwa na fedha kidogo za tozo, ila mwenyekiti wake alikuwa mkuu wa wilaya, na Githunguri haikutaka mwenyekiti huyo.

Oktoba 1952 Chifu Waruhiu aliuawa kwa risasi, hali ya hatari ikatangazwa, na Koinange akakamatwa. Alishtakiwa kwa mauaji hayo, akaachiliwa na mahakama, kisha akawekwa kizuizini vilevile. Githunguri ikafungwa, na serikali ikatumia mahali pale kunyongea watu. Mzee alitolewa akiwa amechoka, akafa mwaka 1960. Maharaja alimpa mfalme mgongo mbele ya dunia nzima akabaki kitini. Chifu aliyejenga chuo alilala kizuizini hata baada ya mahakama kumsafisha.

Kinachofuata kinatufikisha kwenye mitaa tunayoijua. Wakati wa hali ya hatari, mpango wa Swynnerton wa 1954 uliwapa Wakikuyu kile ambacho machifu walikiomba Dagoretti mwaka 1921: hatimiliki. Zilikuja kwa mtu mmojammoja, vijiji vikiwa vimezungushiwa uzio, na waliokuwa kizuizini au wasio na shamba walikosa. Nairobi ilipopanuliwa wakati wa uhuru ikaimeza Dagoretti, na wenye hati za Kawangware wakagundua kwamba vyumba vya mabati vinalipa kuliko mahindi. Ndiyo maana Kawangware ina landilodi mwenye hati, na mgogoro wake huwa wa ndugu waliogawana ploti ya baba. Kibera ilibaki ardhi ya serikali. Huko, miaka ya 1970 na 1980, aliyetaka kujenga vyumba alihitaji idhini isiyo rasmi ya chifu au ya utawala wa mkoa. Chifu hatimaye alipata ardhi ya kugawa, miaka 50 baada ya Kinyanjui kuiomba. Hakuwa na wa kumhoji, na kilichotokea hakikuwa mageuzi. Huo ni ushahidi wa pili baada ya Buganda, na sioni njia ya kuukwepa.

Leo nenda kambi ya chifu asubuhi yoyote, Kawangware au Kibera. Kwenye benchi kuna mama mwenye mwana anayetaka kitambulisho, kijana na fomu ya basari inayosubiri muhuri, wapangaji wawili wanaogombania choo, na mzee wa mtaa anayesimama mlangoni kama karani. Sheria ya machifu ilipunguzwa makali mwaka 1997, katiba ya 2010 ikaagiza utawala wa mkoa ufanyiwe marekebisho, na sheria ya 2013 ikauhifadhi chini ya serikali ya kitaifa. Chifu bado huajiriwa, huhamishwa, hulipwa kutoka juu. Fedha za shule na barabara, tangu mfuko wa maeneobunge wa 2003 na kaunti za 2013, ziko kwa mbunge na kwa kaunti. Muhuri uko kwa mmoja, mfuko kwa mwingine, na mwananchi wa Laini Saba, Kibera, anapanga foleni mbili.

Mwaka 2017 Wanubi wa Kibera walipewa hatimiliki ya pamoja ya ekari 288, chini ya wadhamini wa jamii. Ni sehemu ndogo ya zile 4,197, lakini ni hati, na kwa mara ya kwanza wazee wa Makina wana kitu ambacho Kinyanjui hakuwahi kukishika. Wapangaji wasio Wanubi wanaoishi ndani ya ekari hizo hawakutajwa humo.